Fahali wa Baharini: Kwa Nini Chewa Mkubwa Arudishwe Majini

Wengi wenu mlio katika skimu mna watoto wanaofanya kazi Nairobi na kukaa katika mitaa ya upande wa mashariki: Kaloleni, Bahati, Jericho, Maringo, Buruburu, Umoja na mingineyo. Huko watu wana desturi ya vyama vya kuweka akiba. Fedha hizo husaidia katika misiba na karo, na katika vyama vingine, mwaka unapokwisha, sehemu yake hutumika kwa matembezi ya Pwani. Mojawapo ya matembezi hayo ni kukodi boti yenye nahodha na kwenda kuvua samaki wakubwa wa mwambani.

Basi huenda siku moja mtoto wako akaja nyumbani na picha. Amepakata samaki mwenye kichwa kama cha ndama. Utamwuliza, "Mlimpika vipi?" Naye atakujibu, "Baba, tulimrudisha baharini." Mzee yeyote aliyelima kwa jasho lake atashangaa. Nauli imelipwa, boti imelipwa, na kitoweo kimeachwa! Lakini usimkemee bado. Jambo alilofanya wewe mwenyewe unalijua vema, kwa maana unafuga.

MAHALI PENYEWE

Tangu mwaka 2017 gari la moshi jipya hutoka stesheni ya Syokimau, si mbali na mitaa tuliyoitaja, hadi Miritini huko Mombasa. Kutoka hapo msafiri huvuka kivuko cha Likoni, akapita Ukunda na Msambweni, akafika Shimoni karibu na mpaka wa Tanzania. Mbele ya Shimoni kuna kisiwa cha Wasini, na nje zaidi ni mkondo wa Pemba, ambako chini ya bahari hushuka ghafula kwenye kina kirefu sana. Ukingo kama huo, mwamba unapokutana na maji ya kina, ndipo samaki wakubwa wanapowinda.

Uvuvi wa kujifurahisha si jambo la jana katika pwani yetu. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, alivua Malindi mwaka 1934. Wakati ulio mzuri ni wa kaskazi, kutoka mwezi wa Desemba hivi hadi Machi. Kusi ikivuma, bahari huchafuka, na mtu wa bara asiyezoea atatapika kutwa.

Katika miamba hiyo bwana mkubwa ni chewa. Hukaa pangoni, akangoja samaki mwingine apite, kisha hufumbua kinywa ghafula na kummeza. Aina iliyo kubwa kuliko zote huweza kupita urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 300. Akinaswa na ndoana hukimbilia pangoni mwake, na mshipi ukigusa matumbawe hukatika. Kwa hiyo nahodha humwambia mvuvi avute kwa nguvu mara moja, bila kumpa nafasi ya kugeuka.

CHEWA NA KUNDI LAKO LA NG'OMBE

Sasa sikiliza ajabu hii. Chewa wa aina nyingi huanza maisha yao wakiwa majike. Hutaga mayai kwa miaka kadhaa, kisha baadhi yao, wakiisha kuwa wakubwa, hugeuka kuwa madume. Maana yake ni kwamba kwa aina hizo wale wakubwa kabisa ndio mafahali wa kundi. Na jike aliye mkubwa hutaga mayai mengi mno kupita jike mdogo.

Chewa pia hakui upesi. Wengi huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na aina nyingine huishi miongo ya miaka. Tena aina kadhaa zina desturi ya kukusanyika mahali pamoja wakati wa kutaga mayai, na wavuvi wakipajua mahali hapo huweza kulimaliza kundi lote kwa muda mfupi.

Wewe mkulima ungemwitaje jirani anayechinja fahali wake na mitamba yake bora kila sikukuu, akabaki na ndama dhaifu? Bila shaka ungesema anakula mbegu. Mwamba unaoondolewa chewa wakubwa kila msimu hupatwa na mambo yayo hayo.

Lakini tuseme kweli. Mvuvi wa Wasini anayetoka na ngalawa yake, na watoto wanamngoja, hawezi kuambiwa sawasawa na mtu aliyekuja kujifurahisha. Yeye huvua ili ale na auze, na mwamba ule ndio shamba lake. Mgeni kutoka Nairobi amekwisha kula asubuhi. Akimwua chewa mkubwa kwa ajili ya picha, amepunguza mavuno ya mwenye shamba.

Je, mgeni asile samaki kabisa? La. Amwombe nahodha avute chambo katika maji ya nje amtafute faulusi. Samaki huyu hukua upesi sana, huanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na ni mtamu. Faulusi ni kama kuku wa nyumbani. Chewa ni fahali wa mbegu.

KUMRUDISHA KWA NJIA NJEMA

Kumtupa tu majini hakutoshi. Samaki aliyevutwa upesi kutoka kwenye kina kirefu, hewa iliyo ndani ya kibofu chake hutanuka. Tumbo huvimba na macho hutokeza. Hawezi kuzama tena, ataelea juu mpaka afe au aliwe na papa. Nahodha mwenye ujuzi humshusha kwa kamba yenye uzito na kibanio cha mdomoni, hadi afike chini ambako hewa hujibana tena, kisha humwachilia. Ndoana ya mviringo hufaa kuliko nyingine, kwa kuwa hushika pembe ya mdomo wala haiendi tumboni. Samaki ashikwe kwa mikono iliyolowa maji, asining'inizwe kwa taya, na picha ipigwe upesi.

MASWALI KABLA YA KULIPA

Mwambie mtoto wako na wenzake wa chama wamwulize mwenye boti mambo haya:

1. Je, boti ina leseni, na kila abiria ana jaketi la kuelea? Kama majaketi hayatoshi, wasipande.

2. Je, leseni ya kuvua kwa kujifurahisha imo katika bei?

3. Bei ni ya boti nzima au ya kila mtu, na mafuta, chambo na chakula vimo?

4. Samaki watakaochukuliwa watakuwa wa nani? Katika boti nyingi za kukodi huwa ni wa boti. Afadhali wakubaliane wakiwa bado nchi kavu.

5. Watavua wapi? Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kisite uvuvi umekatazwa. Nahodha akitaka kuwapeleka humo, wamkatae.

6. Je, ana kamba ya kumshusha chewa chini? Nahodha asiyejua kifaa hicho ni bora awapeleke kuvua faulusi tu.

Ndugu mkulima, mtoto akikuletea picha ya chewa aliyerudishwa, mwulize kama aliteremshwa mpaka chini, au alitupwa tu juu ya maji. Akiweza kukujibu vema, fedha yake haikupotea.