KIPEPEO CHA MIYAA: KISUKE JIONI MOJA, UKITUMIE KIANGAZI KIZIMA

Ukifungua kitabu chochote cha ufumaji utakuta sweta, skafu, soksi na kofia za kuziba masikio. Vitu hivyo vina watu wake. Wako Limuru, wako Nyahururu, wako kule Ulaya theluji inakoanguka. Hapa Galbet ukivaa skafu ya sufi mwezi wa Februari, watu watakuuliza kama umepatwa na malaria. Je, hiyo ina maana kwamba sisi watu wa joto hatuna chetu cha kufuma? Hasha! Tunacho, tena kinakwisha upesi kuliko hata soksi moja, na kazi zake ni nyingi hata mtu akashindwa kuzihesabu. Nacho ni kipepeo. Simaanishi yule mdudu wa rangi rangi anayeruka kwenye maua, bali kile cha mkono, cha kujipepea, kinachosukwa kwa majani ya mkoma. Wasomali wanakiita babbis.

Mji wetu wa Garissa uko takriban nusu digrii tu kusini mwa ikweta, kando ya Mto Tana, mahali pa chini ambapo upepo wa milimani haufiki. Katika miezi ya Januari hadi Machi, majira ambayo Wasomali huyaita jilaal, joto la mchana hupita nyuzi 35 siku baada ya siku. Mabati ya darasani huwaka kama kikaango. Wengi watasema, "Si kuna feni!" Naam, feni ipo, lakini feni ni mtumwa wa stima. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, ikapotea tena tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo. Ajabu ni kwamba hapa Garissa tuna mtambo mkubwa wa umeme wa jua uliozinduliwa mwaka 2019, wenye nguvu ya zaidi ya megawati 50. Lakini umeme wake huingia kwenye nyaya za taifa, kwa hivyo nyaya hizo zikizimika nasi twakaa gizani kama wengine, jua letu wenyewe likiwa limetuchoma mchana kutwa. Kipepeo hakina waya.

Kwa nini kujipepea kunaleta baridi? Wengine hudhani kipepeo kinatengeneza hewa baridi. Sivyo. Hewa ni ile ile, joto lake ni lile lile. Kinachotokea ni kwamba jasho lililo kwenye ngozi linageuka kuwa mvuke, na ili ligeuke linahitaji joto, nalo linalichukua mwilini mwako. Gramu moja tu ya jasho ikikauka huondoka na joto la jouli 2,400 hivi. Mahali pasipo na upepo, hewa iliyogusana na ngozi hushiba mvuke na jasho linabaki likikutiririka bure. Kipepeo huifukuza hewa hiyo iliyoshiba na kuleta kavu. Na hewa ya kwetu ni kavu sana wakati wa jilaal, kwa hivyo tuna bahati kuliko ndugu zetu wa Mombasa ambao hewa yao imejaa unyevu wa bahari.

Lakini hapa pana jambo la kuangalia. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, na ngozi yako ikiwa kavu, ukijipepea unajimwagia joto, kama mtu anayepepea jiko. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani huonya watu wasitumie feni joto likifika nyuzi 40. Dawa yake ni rahisi: lowesha uso, shingo na mikono, au funga kitambaa kibichi shingoni, kisha ndipo ujipepee. Na kunywa maji, maana jasho halitoki hewani. Hili ni muhimu hasa kwa wazee na watoto wachanga. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba amezidiwa.

Sasa tuje kwenye kazi zake. Kipepeo hicho hicho kinachokupepea wewe saa nane mchana ndicho mama atakachokichukua saa kumi na moja kuwashia makaa ya jiko. Kitafukuza nzi kwenye nyama. Kitafunika jagi la maziwa ya ngamia. Kitawekwa kichwani wakati wa kutoka darasani kwenda mfereji, jua likiwa utosini. Kikiwa safi hukalishwa juu ya meza na tende juu yake, kikawa sinia. Ramadhani za mwaka 2024 na 2025 ziliangukia mwezi wa Machi, katikati ya joto, na waliokuwa na kipepeo kwenye tarawehe wanajua thamani yake, na waliokaa karibu nao pia. Zaidi ya hayo ni zawadi. Kipepeo kilichotiwa rangi, chenye pindo la kitambaa, hupelekwa harusini bila aibu.

Haya, tuanze kazi. Mkoma ni ule mti wa jamii ya minazi ambao shina lake hugawanyika matawi mawili, na kila tawi likagawanyika tena mawili, jambo ambalo mnazi wenyewe hauliwezi. Unaota kando ya Tana na mahali pengi pakavu penye maji chini ya ardhi. Akina mama wa Turkana husuka vikapu vyao maarufu kwa majani ya mkoma, na Wapokomo walioko chini ya mto husuka mikeka. Hata Wamisri wa kale waliuthamini. Kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, ndani yake mlikutwa vikapu vya matunda ya mkoma, na vipepeo vya kifalme vile vile, ingawa vyake vilikuwa vya manyoya ya mbuni. Mfalme mzima, tena wa dhahabu, naye aliona joto!

Majani yaliyofunguka na kukomaa hayafai. Ni magumu na hukatika. Linalotakiwa ni jani changa la katikati, lile ambalo bado limefumba kama mkuki. Hapa ndipo nawaomba mnisikilize sana kuliko mahali pengine popote katika makala haya. Mkoma hukua kwenye ncha tu. Ule moyo ulio ndani, yanakotoka majani yote, ukikatwa, tawi lile limekufa na halichipui tena. Mtu mwenye haraka hupiga panga akachukua mkuki pamoja na moyo wake, akapata majani ya siku moja na kuua chane za miaka ishirini. Anayejua hukata jani moja tu la mkuki, juu kabisa ya moyo, akauacha mti huo ufungue majani mengine mawili au matatu kabla ya kuurudia. Mikoma ya karibu na mji imepungua kwa sababu nyingi. Kuna mashamba ya ndizi na maembe kando ya mto, kuna miti ya kujengea, kuna moto. Sisi wasukaji tusijiongeze kwenye orodha hiyo. Na usiende mtoni peke yako, kwa maana Tana ina mamba na viboko ambao hawajui kwamba wewe ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Kwenda sokoni kununua miyaa iliyokwisha kukaushwa ni afadhali.

Jani likishapatikana, lifumue, utoe ule uti mgumu wa kila kipande, uyaanike juani siku mbili tatu mpaka yageuke rangi ya krimu. Hiyo ndiyo miyaa. Ukitaka rangi, chemsha baadhi yake na rangi ya unga, uanike tena kivulini ili zisififie. Kisha uichane kwa ukucha au sindano upate chane zenye upana wa sentimita moja, zote sawa. Usipuuze neno hilo "sawa". Chane moja nene ikiingia kati ya nyembamba, kipepeo kizima hupinda kama mdomo wa mtu aliyekula ndimu.

Kwa kipepeo cha kawaida tumia chane 14 zenye urefu wa sentimita 60 hivi, na fimbo nyembamba iliyonyooka ya sentimita 40. Kunja kila chane katikati juu ya fimbo, ncha moja ielekee kulia na nyingine kushoto. Zipange zikigusana. Kwa kuwa chane hukaa kimshazari, kila moja hula zaidi ya upana wake kwenye fimbo. Waliomwelewa Pithagora wataona mara moja kwamba 14 zitafunika karibu sentimita 20. Nusu ya fimbo inayobaki ndiyo mpini. (Nani alisema hisabati haina kazi nje ya darasa?)

Lowesha miyaa kwa kitambaa kibichi, usiichovye majini. Ikiwa kavu mno itavunjika kwenye mkunjo. Ikirowa mno itavimba, na kesho yake ikikauka itanywea na kuacha matundu kama chandarua. Sasa suka: kila chane inayokwenda kulia ipite juu ya moja ya kushoto, kisha chini ya inayofuata, juu, chini, juu, chini. Ikifika ukingoni ikunje irudi ilikotoka, nayo sasa iwe ya upande wa pili. Kaza kila baada ya mistari miwili kwa kuisukuma kuelekea kwenye fimbo. Mistari mitatu ya kwanza inachosha, sikatai. Baada ya hapo mikono inashika njia yake yenyewe, nawe unaweza kupiga gumzo, kusikiliza redio au kukariri ngeli za nomino huku kazi inakwenda. Raha yake ndiyo hiyo. Sweta hukudai miezi, na ukikosa hesabu ya vitanzi unafumua yote. Kipepeo unakianza baada ya swala ya alasiri, na magharibi ikiadhiniwa unajipepea nacho. Macho yanaona kazi ikikua dakika kwa dakika.

Ukifika kimo cha sentimita 16 hivi, lowesha ncha zilizobaki, zikunje kwa nyuma, uzichomeke chini ya macho matatu ya msuko, kisha ukate zinazotokeza. Inua kipepeo juani. Ukiona nuru inapenya kama nyota, kaza zaidi wakati ujao. Mwisho chukua kipande cha leso kuukuu, ukishone pindoni pande zote tatu, na upige nyuzi mbili za kukaza pale msuko unapokutana na fimbo ili usiteleze.

Wavulana, nawaona mnavyotabasamu. Eti hiyo ni kazi ya akina mama! Mbona mkipewa kipepeo mchana hamkirudishi? Kamba za kufungia mizigo ya ngamia husokotwa na wanaume, na uzi ni uzi, jani ni jani. Asiye na miyaa hata kidogo atumie ile mikanda ya plastiki inayofungia maboksi ya madukani, badala ya kuiacha ipeperuke mitaani. Msuko ni ule ule, ila chombo chake usikipeleke jikoni, kitayeyuka. Na aliyejua msuko wa kipepeo amekwisha kujua nusu ya kikapu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kikapu si kitu cha kuchekwa tena.

Kipepeo kizuri kikitunzwa hudumu zaidi ya kiangazi kimoja. Usikiache mvuani, hupata ukungu. Kikichafuka kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, ukikaushe kikiwa kimelala chini ya kitabu kizito. Pindo likichakaa badilisha leso. Fimbo ikivunjika, ichomoe kwa utaratibu na upitishe nyingine katika mikunjo ile ile. Kikizeeka sana kitoe sebuleni kiende jikoni, huko hakuna anayejali sura yake, na siku makaa yatakapokataa kushika, hicho hicho kichane ukiwashie moto.