Hewa safi, maji safi, lakini rovu: Funzo kutoka milima ya Himalaya

Ukiambiwa kuna mahali ambapo hewa haina moshi mwingi wa magari, maji hutiririka kutoka kwenye barafu na watu hutembea kwa miguu tangu utotoni hadi uzeeni, bila shaka utadhani wakazi wa huko hawajui ugonjwa. Mahali hapo papo. Ni wilaya ya Solukhumbu, mashariki mwa Nepal. Hata hivyo, kwa vizazi vingi watu wake waliteswa na maradhi yaliyotokana na udongo wenyewe.

Solukhumbu inapakana na Tibet upande wa kaskazini. Humo ndimo ulimo Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, ambao mwaka wa 2020 Nepal na Uchina zilitangaza kuwa una kimo cha mita 8,848.86. Upande wa kusini, uitwao Solu, kuna misitu na mabonde yenye mashamba, na huko ndiko yaliko makao makuu ya wilaya, Salleri. Khumbu, upande wa kaskazini, ni nchi ya mawe, barafu na baridi kali. Mji wa Namche Bazaar uko mita 3,440 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Nairobi.

Wilayani humo huishi Warai, Watamang, Washerpa na makabila mengine. Pengine umezoea kusikia neno "sherpa" likitumiwa kumaanisha mbeba mizigo ya wapanda milima. La, hilo ni jina la kabila. Mababu zao walitoka Tibet karne kadhaa zilizopita, nao hulima viazi na kufuga yaki, ng'ombe wenye manyoya marefu. Tenzing Norgay, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Edmund Hillary wa New Zealand tarehe 29 Mei, 1953, alikuwa Msherpa.

Miili ya Washerpa imezoea hewa nyepesi. Mgeni akipanda huko kwa pupa huumwa kichwa na kutapika, na asiposhuka mapema maji yanaweza kujaa mapafuni akafa. Lakini kuna upungufu mmoja ambao mwili wa binadamu hauwezi kuuzoea: upungufu wa iodini.

Madini hayo tunahitaji kidogo mno, lakini kila siku. Mvua na barafu iliyoyeyuka kwa maelfu ya miaka ziliyaosha kutoka kwenye udongo wa milima zikayapeleka baharini. Kwa hivyo hata viazi vilivyositawi vizuri havikuwa nayo ya kutosha. Na chumvi je? Washerpa waliinunua Tibet kwa kubadilishana na nafaka, wakaivusha Nangpa La, njia ya milimani yenye theluji. Lakini chumvi hiyo nayo ilikuwa na iodini kidogo sana.

Matokeo yalionekana shingoni. Tezi iliyo mbele ya koo hutumia iodini kutengeneza homoni. Ikikosa, hufura, na uvimbe huo ndio uitwao rovu. Lakini rovu si baya kuliko yote. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto aliye tumboni haukui inavyofaa. Huko Khumbu walizaliwa watoto wengi viziwi, wasioweza kusema, wafupi na wenye akili iliyodumaa.

Mwaka wa 1966 Hillary, ambaye alikuwa amerudi kuwasaidia Washerpa, alijenga hospitali ndogo katika kijiji cha Khunde. Madaktari wakaanza kuwadunga wakazi sindano ya mafuta yenye iodini, ambayo dozi moja hukaa mwilini kwa miaka kadhaa. Baadaye ikaja chumvi iliyotiwa iodini. Watoto walioathiriwa hivyo wakakoma kuzaliwa vijijini humo. Hata hivyo, wale waliokuwa wamezaliwa tayari hawakuweza kurudishiwa walichokosa tumboni.

Usidhani hayo ni mambo ya Nepal pekee. Nyanda za juu za Kenya pia zimewahi kusumbuliwa na rovu, na ndiyo sababu sheria yetu inataka chumvi ya mezani itiwe iodini. Kwa hivyo, msomaji, zingatia haya:

• Unaponunua chumvi, soma pakiti uhakikishe imetiwa iodini. Chumvi ya kupimiwa isiyo na maandishi yoyote si ya kuaminiwa.

• Ihifadhi ndani ya chombo chenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na jua na joto la jiko. Itie chakula kinapokaribia kuiva.

• Usizidishe. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vyakula vya pakiti.

• Ukiona uvimbe shingoni, usiukande wala usiuchanje. Nenda hospitali, kwani si kila uvimbe ni rovu.

• Kama una mimba au unatarajia kuipata, mwulize mhudumu wa kliniki kuhusu iodini mapema. Ubongo wa mtoto huanza kuumbika wiki za kwanza, kabla tumbo halijaonekana.

Pakiti ya chumvi ni ya bei nafuu. Akili ya mtoto haiuzwi dukani.