Bustani ya nyumbani Lubumbashi: kila mwezi na kazi yake



Wengi wetu tuko nyumbani na lisansi mukononi, tunangojea jibu ya dosie zenye tuliweka huku na huku. Na wakati tunangoja, kila jioni franka zinatoka juu ya lengalenga, nyanya na vitunguu. Leo nataka tuongee juu ya bustani ndogo ya ndani ya parseli, hapa kwetu Lubumbashi: kazi gani, mwezi gani, na namna gani.

Nianze na aibu yangu. Mimi nilisoma agronomi. Mwaka nilimaliza, mwezi wa 12, nilipanda miche 80 ya nyanya nyuma ya nyumba. Mama aliniuliza: «Nyanya na hii mvua yote? Ngoja kwanza ikatike.» Nilimujibu kwa maneno ya shule. Mwezi wa 2 majani yalijaa madoa meusi, mashina yakaoza, nikatupa karibu miche yote. Ilikuwa mildiu, ugonjwa wenye nilieleza vizuri sana kwenye mutihani. Na feza ya mbegu ilikuwa ya mama.

Hapa kwetu mvua inaanza mwezi wa 10 ama wa 11, na inaisha mwezi wa 4. Kisha ni ukavu mpaka mwezi wa 9, na baridi inakamata sana mwezi wa 6 na wa 7. Watu wengi wanashika jembe pale mvua inaanza, sababu mahindi njo yanataka vile. Lakini kwa nyanya, kitunguu na shu, wakati muzuri ni kiangazi: majani yanabaki makavu, magonjwa ya ukungu yanapungua. Tatizo ni moja: kiangazi inatayarishwa mvua ikingali inanyesha.

1. Mwezi wa 3 na wa 4: komposti na pepinieri

Majani mabichi ni mengi sasa, usiyachome. Panga tabaka ya majani makavu, tabaka ya mabichi, kidogo mbolea ya kuku, mwangia maji, funika. Geuza kisha wiki 3. Kisha miezi kama 3 inakuwa nyeusi na haina harufu mbaya: iko tayari.

Wakati ule ule tengeneza pepinieri ya meta 1 ya upana, ili mukono ufike katikati bila kukanyaga. Panda mbegu kwa mistari, sentimeta 10 kati ya mustari na mustari, na weka kivuli cha nyasi juu, lakini usifunge hewa. Nyanya na shu zinahamishwa kisha wiki 4 ama 5, kitunguu kisha wiki 6 mpaka 8.

2. Mwezi wa 5 mpaka wa 8: kuhamisha na kumwangilia

Hamisha miche jioni, isichomwe na jua. Acha sentimeta 50 kati ya nyanya, 40 kati ya shu, 10 kati ya vitunguu.

Hapa wengi tunakosea: tunaacha matuta ya juu sawa wakati wa mvua, na maji yote yanakimbilia njiani. Kiangazi, tuta inapaswa kuzama. Shusha udongo sentimeta 10 chini ya njia, inua kingo, na maji yatabaki kwenye mizizi. Funika udongo na nyasi kavu. Tuta ya meta 1 kwa meta 5 inaomba karibu bidoni moja ya litre 25 kwa siku. Baridi, punguza kidogo. Mwangia asubuhi, chini kwenye shina, si juu ya majani. Maji ya kuosha muchele na mboga yanafaa pia.

3. Mwezi wa 9 na wa 10: joto

Maji inakuwa kazi nguvu. Acha shu, panda lengalenga: inapenda joto, na kisha wiki 3 ama 4 unaanza kuvuna. Ukiikata bila kuingoa, itachipuka tena.

4. Mwezi wa 11 mpaka wa 2: mvua

Sasa inua matuta sentimeta 20, yakate mutelemuko, maji yasibebe udongo. Panda matembele, gombo, lengalenga. Ukitaka nyanya kwa nguvu, weka chache tu, zifunge kwenye miti, toa majani yenye kugusa chini.

Neno moja juu ya udongo. Udongo wetu mwekundu uko na asidi. Ule wa kichuguu unasaidia kupunguza asidi. Uvunje vizuri na uchanganye na komposti, kwani peke yake unashikamana. Lakini kama parseli yako iko pale moshi wa kuyeyusha shaba ulianguka miaka mingi, ama karibu na mufereji wa maji ya mugodi, usipande mboga za majani palepale. Kadmiumu na risasi zinaingia ndani ya jani. Kuosha kunatoa vumbi tu. Leta udongo wa mahali pengine, panda ndani ya mifuko ama ndoo za zamani.

Mwaka uliofuata nilimusikia mama. Tulitengeneza pepinieri pamoja mwezi wa 3. Kuanzia mwezi wa 8 hatukununua tena nyanya, na zenye zilibaki mama aliuzia majirani. Feza yake ya mbegu ilirudi.

Wandugu, mwezi wa 3 njo huu. Dosie zetu ziendelee na njia yao, lakini wiki hii tengeneza pepinieri moja tu. Na kabla ya kupanda, muulize mama wa nyumbani: miaka yote anaangalia hii mvua.