Kusoma, Kusikiliza na Kusomewa: Istilahi za Kitabu Kisichofunuliwa

Vitabu vinavyosikilizwa vimeenea sasa katika simu na kompyuta, na pamoja navyo wafasiri wametwishwa maswali mawili. La kwanza, kiitwe nini kitabu ambacho hakifunuliwi bali husikilizwa? La pili, aliyekisikiliza hadi mwisho asemwe amefanya nini: amekisoma au hakukisoma? Swali la kwanza laonekana dogo, na la pili laweza kudhaniwa kuwa ni la mzaha. Lakini mwalimu anayejaza taarifa ya mwanafunzi wake, ambamo mna safu yenye kichwa “Vitabu alivyosoma”, hana budi kuamua kama mwanafunzi asiyeona aliyesikiliza riwaya nzima aandikiwe riwaya hiyo au aachiwe nafasi tupu. Hapo istilahi huacha kuwa jambo la wanaisimu peke yao, ikawa haki ya mtu.

Yafaa kwanza tukumbuke kitu chenyewe kilikotoka. Thomas Edison alibuni mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, na mwaka uliofuata alitaja, miongoni mwa kazi alizoitarajia ifanye, vitabu vya kuwasomea wasioona. Shabaha hiyo haikutimia upesi, kwa kuwa santuri za zamani zilichukua dakika chache tu kila upande, na riwaya moja ingehitaji rundo zima. Marekani ilipitisha sheria ya vitabu vya wasioona mwaka 1931, na mwaka 1934 Maktaba ya Bunge ya nchi hiyo ikaanza kutoa vitabu katika santuri zilizozunguka polepole, kila upande ukichukua kama dakika 15. Uingereza ilifuata mwaka 1935; miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo ni riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd. Walioshughulikiwa hasa walikuwa askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza, watu wazima ambao wengi wao waliona taabu kuzoeza vidole vyao kusoma nukta nundu. Huku kwetu santuri iliingia kwa mlango wa nyimbo; Siti binti Saad alikwenda Bombay kunasa sauti yake mwaka 1928, na kwa miaka mingi neno “santuri” lilipotajwa lilileta mawazo ya taarabu, si ya kitabu.

Sasa tulitazame jina. Linalosikika zaidi leo ni “kitabu cha sauti”, na huenda limekwisha kushika mizizi. Hata hivyo lina kasoro ambayo mfasiri hapaswi kuifumbia macho. Katika Kiswahili, kitabu cha historia ni kitabu kinachoeleza historia, na kitabu cha mapishi hueleza mapishi. Kwa kawaida hiyo, kitabu cha sauti kingekuwa kitabu kinachoeleza sauti, yaani cha fonetiki, nacho kinaweza kuwa kimepigwa chapa vizuri kabisa na kukaa kimya rafuni. Wengine wamependekeza “kitabu sikivu”. Hili halifai hata kidogo: mtoto msikivu ni yule anayesikia anachoambiwa na kukifuata, na kitabu sikivu kingekuwa kitabu kinachotusikiliza sisi. “Kitabu sikizi” kinaangukia shimo lilelile, kwa sababu msikizi ni mtu anayesikiliza, si kitu kinachosikilizwa. Nalo “kitabu kinachosema” ni sentensi zaidi kuliko jina, tena halikai vizuri katika jedwali wala katika kichwa cha fomu.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, “kitabu cha kusikiliza” ndilo linalofuata tabia ya lugha. Tunayo maji ya kunywa, chumba cha kulala na mashine ya kushonea; na shuleni tumekuwa nacho tangu zamani “kitabu cha kusoma”, yaani kile cha hadithi fupi fupi ambacho mwanafunzi hujizoeza nacho. Kitabu cha kusikiliza kinakaa kando ya ndugu yake bila kusukumana. Pale inapohitajika kutaja kile kingine ili kuonyesha tofauti, “kitabu cha chapa” chatosha.

Jambo hili si la wapenda maneno tu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaohusu kuwarahisishia wasioona na wengine wenye ulemavu wa kusoma maandishi ya chapa kupata kazi zilizochapishwa, una maelezo yaliyokubaliwa kwamba kazi zinazohusika hujumuisha zile zilizo katika sauti. Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao. Mfasiri wa sheria atakayeandika “kitabu cha sauti” katika ibara ya tafsiri ya maneno ajiulize wakili mjanja atakifanyia nini kirai hicho.

Tuje kwenye kitenzi, ambapo ndipo penye uzito. Katika nchi zinazosema Kiingereza watu hubishana sana kama kusikiliza kitabu ni kukisoma. Ubishi huo hauwezi kuletwa kwetu kama ulivyo, kwa sababu neno letu “kusoma” halikuzaliwa katika ukimya. Watu husema “tumesoma maulidi” au “tumesoma hitima”, na hukusudia shughuli ya wote waliohudhuria, ingawa waliokuwa na kitabu mkononi walikuwa wachache. Utenzi aliouandika Mwana Kupona mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake ulihifadhiwa kwa hati za mkono, lakini hati ilikuwa akiba tu. Utenzi wenyewe uliishi katika sauti. Katika Kiganda kitenzi hichohicho kina maana ya kusoma na pia ya kuhudhuria ibada, na Wakristo wa mwanzo wa huko walijulikana kama wasomaji.

Basi je, tuseme tu kwamba aliyesikiliza amesoma? La, kwa sababu hapo tunapoteza tofauti ambayo lugha imekwisha kutuwekea. Katika mkusanyiko wa maulidi anayetoa sauti ndiye msomaji; redioni pia, msomaji wa habari ni yule anayesikika. Anayepokea ana kitenzi chake, nacho ni “kusomewa”. Karani wa mahakama analijua vizuri neno hili: mshitakiwa husomewa mashitaka, na baada ya kusomewa hawezi kudai kwamba hayajui kwa kuwa hakuyaona kwa macho. Hati ya kiapo ya mtu asiyejua kusoma husomwa kwanza mbele yake, akakiri kuwa ameifahamu, ndipo anapotia dole gumba. Kumbe sheria ilikwisha kukata shauri hili zamani: aliyesomewa anahesabiwa kuwa amepata yaliyomo. Ikiwa kusomewa kwatosha kumpeleka mtu gerezani, itakuwaje kusitoshe kumwandikia mwanafunzi kitabu kimoja katika taarifa yake? Safu ile ya fomu yaweza kurekebishwa kwa maneno mawili tu: “Vitabu alivyosoma au kusomewa”.

Yafaa hata hivyo tukubali kwamba mambo hayo mawili hayalingani kwa kila hali. Beth Rogowsky na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 2016 utafiti uliohusu watu wazima waliopewa sehemu za kitabu kimoja cha masimulizi ya kweli. Wengine walisoma kwenye kioo cha kompyuta, wengine walisikiliza, wengine walifanya yote mawili pamoja. Walipopimwa papo hapo, na tena baada ya wiki mbili, haikuonekana tofauti kubwa ya ufahamu. Lakini uchambuzi wa Virginia Clinton-Lisell wa mwaka 2022, uliojumlisha tafiti nyingi, ulionyesha kwamba wanaosoma hupata faida pale wanapoachiwa kwenda kwa mwendo wao wenyewe, na hasa katika maswali yanayodai mtu akisie jambo lisilotajwa waziwazi. Sababu haiko mbali. Jicho likikwama hurudi mstari uliopita bila kuomba ruhusa. Sikio likikwama, sauti imekwisha kwenda zake. Riwaya husamehe jambo hilo. Kitabu cha hesabu, waraka wa mishahara au jedwali la takwimu hausamehe.

Tena kuna mwendo. Marc Brysbaert wa Ubelgiji alikadiria mwaka 2019 kwamba msomaji mzima wa Kiingereza husoma kimyakimya kama maneno 238 kwa dakika, na kwa sauti kama 183. Tarakimu hizi tusizihamishie kwenye Kiswahili bila hadhari: “hatutawaambia” kwetu ni neno moja, na kwa Kiingereza ni maneno manne au matano.

Sauti nayo ina neema zake ambazo chapa hainazo. “Barabara” iliyochapwa yaweza kuwa njia au yaweza kuwa “sawasawa”, na ni mkazo tu unaozitenganisha. Msomaji wa sauti hutukata shaka mara moja. “Amefika” ni taarifa, “amefika” yaweza pia kuwa swali, na katika mazungumzo marefu ya riwaya kiulizo kidogo mwishoni huja kikiwa kimechelewa, ilhali sauti huuliza tangu mwanzo.

Lakini neema hiyo hutegemea kinywa. Katika chapa, “dhana” na “zana” hazichanganyiki, wala “thamani” na “samani”, wala “kura” na “kula”. Kitabu cha ualimu kikitiwa sauti na mtu asiyetenganisha dh na z, mwanafunzi asiyeona atasikia habari za “zana za kufundishia” na “zana ya elimu” kama kitu kimoja, na hana ukurasa wa kumsahihisha. Atayaandika hivyo katika mtihani, naye ndiye atakayepoteza alama. Kwa hiyo kitabu cha kiada kinapotiwa sauti, apatikane msikilizaji wa pili mwenye kitabu cha chapa mkononi, afuatie neno kwa neno kama msahihishaji wa prufu anavyofanya, kabla sauti haijatolewa.

Mtu huyu anayetia sauti aitwe nani? Wengi humwita “msimulizi”, lakini walimu wa fasihi wanalihitaji neno hilo kwa nafsi inayosimulia ndani ya hadithi, ambayo si mtu wa studio. “Mghani” ni wa mashairi. “Msomaji” ni sahihi kwa asili, kama tulivyoona, ila katika sentensi moja atagongana na msomaji wa kitabu cha chapa. “Msomeaji”, kutokana na kusomea mtu, lingefaa kwa hoja zetu zote. Masikioni bado ni geni, na wahariri watalipinga kwa muda.

Limebaki jambo la kunukuu. Kitabu cha chapa hutajwa kwa ukurasa. Cha kusikiliza hakina kurasa, na mahali hutajwa kwa muda uliopita tangu kuanza. Waandishi wameanza kuandika “katika saa 2 na dakika 13”. Kwa Mswahili hiyo ni saa ya asubuhi au ya usiku, na mhariri mmoja aliwahi kuiuliza kama ni wakati mwanafunzi alipokuwa akisikiliza. Iandikwe “muda 2:13:00”, yaani saa, dakika na sekunde, ikitanguliwa na namba ya sura, kwa kuwa chapa mbili za sauti za kitabu kimoja, zilizosomwa na watu wawili, hazilingani kwa muda lakini sura zake ni zilezile.