Likizo ya mama ikiisha, kuhara hubisha hodi

KUHARA huua takriban watoto 440,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani, lakadiria Shirika la Afya Duniani (WHO). Viini hubebwa na maji, chakula na mikono michafu, ila mara nyingi hali ya familia ndiyo huvifungulia mlango.

Chukua mfano wa mama aliyepanga chumba Mwihoko, eneobunge la Ruiru, na ambaye hurauka kwenda kazini Nairobi. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo, ilhali mtoto anapaswa kunyonya pekee, bila hata maji, kwa miezi sita. Anayefanya vibarua aghalabu hukosa hata hiyo mitatu.

Katika pengo hilo mtoto huachiwa yaya au jirani, na chupa huanza. Isipochemshwa, au maziwa yakikaa tangu alfajiri, viini huzaana. Tena, maji yakiwa ya kununuliwa kwa mtungi, kunawa mikono ndiko hupunguzwa kwanza.

Chanjo ya virusi vya rota, inayotolewa nchini tangu 2014, haizuii viini vingine. Heri mama akamue maziwa, mtoto anyweshwe kwa kikombe safi. Sheria ya Afya ya 2017 pia yamtaka mwajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea.

Mtoto akihara, aendelee kunyonya, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti (ORS), na tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14. Haya afunzwe pia anayeachiwa mtoto, kabla mama hajafunga mlango.