Mtoto Njiti Akirudi Nyumbani, Asishuke Kifuani

Wodini mama hufundishwa vizuri. Mtoto wake wa kilo 1.7 huvuliwa nguo akabaki na nepi, kofia na soksi, akawekwa wima katikati ya matiti, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande ili apumue vizuri, kisha akafungwa kwa kitenge. Siku ya kuruhusiwa wanarudi nyumbani. Ndugu wanampokea mtoto kwa furaha, wanamvika masweta mawili, wanamviringisha kwenye blanketi na kumlaza kitandani. Jioni jiko la mkaa linaingizwa chumbani ili apate joto.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 2,500 ana mafuta machache chini ya ngozi na hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Blanketi halimwongezei joto, linatunza tu lile alilo nalo, na alilo nalo ni kidogo. Akipoa hutumia nguvu zake zote kujipasha moto, akachoka, akasinzia, akanyonya kidogo. Asiponyonya hupoa zaidi. Mkaa nao hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuwaua mama na mtoto usingizini.

Kifua cha mama hutoa joto usiku na mchana. Tena ngozi zinapogusana, mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini, ambayo ndiyo husukuma maziwa yatoke. Ndiyo maana mama akiniambia maziwa hayatoki, swali langu la kwanza ni: mtoto analala wapi?

Njiti halii sana anapohisi njaa. Huchezesha midomo, hutoa ulimi, hutafuta titi kwa kugeuza kichwa. Aliyelazwa kitandani, dalili hizo hupita bila kuonekana. Aliye kifuani, mama huzihisi. Akishika titi hufyonza mara chache, kisha hutulia kwa muda mrefu. Wengi hudhani ameshiba wakamtoa. Mwacheni, anapumzika tu, ataendelea. Akichoka kabisa, mama akamue maziwa kwenye kikombe kidogo kisafi, amkalishe mtoto wima kidogo, aguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe na kumwacha ayalambe mwenyewe. Asimmiminie, maana anaweza kupaliwa. Anyonye kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku, na akisinzia aamshwe. Maji ya sukari na gripu hayahitajiki.

Huduma hii ya kumbeba mtoto kifuani, iitwayo ya kangaruu, ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyoelemewa na watoto njiti. Kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa kazi ya wodini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika jimbo la Haryana nchini India, ulifuatilia watoto 8,402 waliokuwa na kati ya gramu 1,500 na 2,250, wakiwa majumbani. Familia zilizotembelewa na kusaidiwa kuwabeba watoto kifuani na kuwanyonyesha maziwa ya mama pekee zilikuwa na vifo vya mwezi wa kwanza pungufu kwa takribani asilimia 30 kuliko familia nyingine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri saa 8 hadi 24 kwa siku, hospitalini na nyumbani.

Saa nane! Nani atachota maji, atapika, atawaogesha wakubwa? Mama hawezi peke yake, na sisi wahudumu tunaomfundisha yeye tu, bila kumwita mumewe na mama mkwe, tunamtwisha mzigo asioweza kuubeba. Baba avue shati ambebe mtoto mama anapooga na kula. Bibi naye ana kifua, na joto lake linafaa vilevile. Usiku mama alale ameegemea mito, nusu ameketi.

Mtoto akifika karibu kilo 2.5 ataanza kujinyonganyonga na kuchomoa mikono. Hapo anaweza kuachishwa kubebwa kifuani. Kabla ya hapo asikose kupimwa uzito kliniki. Akikataa kunyonya, akipumua haraka au kwa vipindi, kifua kikibonyea ndani, akiwa wa baridi hata akiwa kifuani, akipata degedege au akiwa wa manjano viganjani na nyayoni, apelekwe hospitali mara moja, amefungwa kifuani vilevile njia nzima.