Msitu wa Frost una mwenyewe

Ukimuuliza mwanafunzi wa fasihi msitu una maana gani katika mashairi ya Wamarekani, jibu huja mbio: kifo. Sisi tunaoishi Nyamirambo, jijini Kigali, chini ya miti ya Mlima Kigali, tuna haki ya kulihoji jibu hilo, pamoja na dhana nyingine zinazorudiwa kuhusu msitu na ushairi.

Shairi maarufu la Mmarekani Robert Frost kuhusu msitu na theluji liliandikwa usiku wa baridi kali. Si kweli. Aliliandika Juni 1922, majira ya joto, huko Vermont, asubuhi baada ya kukesha akiandika shairi jingine refu.

Msitu ule ni mauti. Nusu kweli, na nusu hiyo inapendwa mno na watunga mitihani. Giza limo, usingizi umo, hamu ya kubaki imo. Lakini msimulizi anaanza kwa kufikiri msitu ule ni wa nani, na anajua kuwa mwenye msitu anakaa kijijini. Mtu anayetamani kufa haanzi na habari za mwenye shamba! Halafu kuna farasi anayetikisa kengele zake, na ahadi zinazongoja kutimizwa.

Misitu ya washairi wa Marekani ni pori lisiloguswa. Si kweli kabisa. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya Vermont ilifyekwa iwe malisho ya kondoo. Mashamba yalipoachwa, miti ikaota upya. Hata mwandishi Henry David Thoreau, aliyejitenga kando ya ziwa Walden kuanzia 1845 hadi 1847, alijenga kibanda chake kwenye ardhi ya rafiki yake Emerson. Mji wa Concord ulikuwa mwendo wa miguu tu, na treni ilipita karibu na ziwa.

Mlima Kigali nao ni hivyo hivyo. Panda kutoka Nyamirambo utakutana na misonobari na mikaratusi, inturusu kwa Kinyarwanda, mti wenye asili ya Australia ulioletwa Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20. Ponda jani lake mkononi: harufu ni ya dawa ya mafua. Miti hiyo imepandwa na watu. Anayetaka msitu wa kale aende Nyungwe, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2023.

Ushairi wa Kiswahili ni wa bahari, hauna msitu. Si kweli. Katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa 1913, shujaa Fumo Liyongo anamkimbia mfalme wa Pate na kuishi mwituni na wawindaji. Wanahongwa wamuue. Wanapanga kila mmoja apande mkoma kwa zamu kuangua matunda, ili zamu yake ikifika wamfume mishale akiwa juu. Liyongo hapandi, anachukua upinde na kuyaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Msitu huo ni kimbilio na mtego kwa wakati mmoja, na kwangu unasisimua kuliko theluji ya Vermont.

Walimu wa Nyamirambo, usomesheni utendi huo sambamba na Frost. Mna sababu: Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017.